Kipeperushi Nilichokiandika Mwenyewe

Shoga, shika simu. Nimejifungia stoo ya vitabu hapa shuleni.

Kile kipeperushi cha kumwombea mume wangu kura, nilichokiandika mimi nikakuapisha usimwambie mtu, tukabaki tunajua wewe, mimi na yeye tu, leo kimesomwa darasani kwangu. Niliwaambia wanafunzi walete maandiko ya kuomba kura tuyachambue. Mmoja akakibandua ukutani huko sokoni, akaja nacho.

Wakakichinja. Hapa anatutisha. Hapa anarudiarudia ili tuzoee. Hapa kamleta mama mgonjwa ili tulie. Nami naitikia tu, vizuri, endeleeni, naziorodhesha mbinu ubaoni, hadi swali la balagha, lile lisilohitaji jibu.

Halafu binti mmoja mpole anayekaa dirishani akasema, "Mwalimu, mbinu zote zipo, ila hakuna hata jambo moja alilowahi kufanya huyu mgombea. Aliyeandika hamwamini."

Hamwamini. Alisema hivyo hivyo, taratibu.

Kugeuka, mume wangu yuko mlangoni na miwani yangu niliyoisahau nyumbani. Sijui kasimama hapo tangu lini.

Nikamfuata nje. Akaniuliza, "Wewe Jumapili utanipigia kura?"

Nikamwambia, "Sasa nimpigie nani mwingine?"

Akanikabidhi miwani. "Hilo ni swali la balagha," akasema. "Nimelisoma ubaoni kwako."

Akaondoka.

Shoga, nimeanza kumwandikia ujumbe mara tatu, nafuta. Kila sentensi ninayoitunga naiona ni mbinu.