Mwanasaikolojia Aliyenipita Sokoni

Dada Zainabu mpendwa,

Amani ya Mungu iwe nyumbani kwako Arua. Hapa Koboko mvua haikatiki. Jana sokoni nilimwona yule mwanasaikolojia ninayemweleza habari za marehemu mwanangu. Alinipita kimya kama hanijui. Niliumia, nikasema sirudi kwake. Leo asubuhi nikaenda kumuuliza.

"Mama, mimi siwezi kukusalimia kwanza mbele ya watu," akasema. "Wataanza kuuliza wewe iko na shida gani. Hiyo ni sheria ya kazi yetu. Ukitaka, anza wewe."

Kumbe, dada, watu husomea hata kunyamaza. Jioni nikamkuta kwa wauza samaki. Nikamshika mkono mbele ya wote, nikamuuliza habari za watoto wake.

Nawabusu wote, msiache kuniombea.

Mdogo wako,
Mariamu