Nani Kakwambia Kapauka?

Alhamisi, magharibi inakaribia. Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini fukuto lake limebaki ndani ya nyumba, na mimi nimenuna. Anayetaka maneno matamu leo apite, aende ukurasa mwengine.

Nimeharibiwa kazi ya miezi saba.

Kwa wageni: mimi ni mwalimu wa skuli hapa Vitongoji, Pemba, na nikitoka skuli natengeneza watu wadogo, urefu wa kidole cha shahada, kwa ule udongo wa kuchanganya mafungu mawili unaokauka ukawa jiwe. Nawapaka rangi za akriliki. Mambo ya sanamu na hukumu zake msiniletee tena kwenye maoni, nimeshayasikia kwa kaka zangu wote watatu na masikio yamejaa.

Huyu wa safari hii alikuwa mama yangu. Amekaa kwenye jamvi, miguu kainyoosha, anachambua karafuu. Mama alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Picha yake ilikuwa moja tu, nayo ilioza kwa maji ya bati lililovuja. Kwa hiyo uso ule niliutoa kichwani mwangu. Niliuchora nikaufuta, nikauchora nikaufuta, mpaka siku moja mwezi uliopita nikamwona. Nililia peke yangu. Naweza kulisema hapa kwa kuwa hamnijui.

Ilibaki kuuondoa mng'aro tu.

Na hapo ndipo watu wanaponiona nina wazimu. Rangi ninazotumia zikikauka zinabaki na mng'aro wa plastiki, na kwenye uso mdogo kama punje ya hindi mwanga ukipiga, pua haipo, jicho halipo, umebaki na shanga. Dawa yake ni kupaka juu vanishi isiyong'aa. Haya, jaribuni kuipaka kisiwani humu! Ile ya kupuliza, ukiipuliza siku yenye unyevu, inaganda nyeupe, na mtu wako anakuwa kama kamwagiwa unga. Nimeshapoteza wachumaji karafuu wangu wawili wa udongo kwa namna hiyo. Ile ya brashi, usipoitikisa barabara, ule unga unaoua mng'aro umelala chini ya chupa, na wewe unapaka maji ya juu yanayometameta. Na kuna muuza duka mmoja wa mjini Chake aliyeniapia kwa Mungu kuwa aliyoniuzia haing'ai. Mwongo mkubwa yule, na sipiti tena mlangoni kwake.

Safari hii nilifanya kila kitu sawasawa. Nilitikisa chupa mpaka mkono ukaniuma. Nilingoja jua kavu. Juzi nikapaka tabaka moja jembamba, jana la pili. Leo asubuhi nilimgeuza huku na huku mbele ya dirisha na sikuona hata nukta ya mng'aro. Ngozi ilikuwa ngozi, unaweza kusema anapumua. Nikamwacha pale pale dirishani, nikaenda skuli nikiwa na furaha ya kijinga, hata watoto waliniuliza nina nini.

Saa nane narudi, namkuta mama mdogo barazani kwangu. Mama mdogo ni Bi Mize, mdogo wake mama, tumbo moja. Ufunguo wangu anao, na alikuwa kaniletea muhogo. Mkononi ana kichupa cha mafuta ya karafuu, yale makali anayochulia magoti. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, tena kwa furaha, "Mwanangu, n'memkuta kapauka, maskini. N'kampaka mafuta."

Nikakimbilia ndani. Mama alikuwa anameremeta kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu.

Kapauka! Miezi saba mtu natafuta ngozi isiyong'aa, halafu yeye anaona ngozi iliyokosa mafuta. Najua, ndivyo tulivyolelewa huku. Mtoto hatoki nje na magoti meupe, watu watasema hana mwenyewe. Bi Mize huyu huyu alikuwa akinikamata mlangoni kila asubuhi ya skuli, ananipaka mafuta ya nazi mpaka masikioni. Lakini toba, yule dirishani ni udongo!

Nilimfokea. "Nani kakwambia kapauka? Nani kakutuma?" Jirani alikuwa anaanua nguo, akasimama na nguo zake mkononi kunisikiliza, nami sikujali. Nilimfokea mwanamke wa miaka sabini na ushei ambaye hata shikamoo yake nilikuwa sijampa.

Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililonizidishia yangu. Alijitanda kanga yake, akasema, "Sasa mie ningemwachaje vile, dada yangu?" Akaenda zake na kichupa chake.

Wakati ule sikulisikia lile neno "dada yangu". Nimelisikia sasa hivi, nikiandika. Sikuwahi kumwambia yule ni nani. Sikumwambia mtu yeyote. Kaka zangu wameingia chumba kile mara ngapi, na mmoja aliniuliza kama nimetengeneza muuza vitumbua. Bi Mize aliingia na muhogo wake, akamtazama mara moja, akamjua.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimewasema wengine vya kutosha. Kila wiki nawahubiria hapa: rangi ikiingiwa na mafuta makali usiiguse, inalainika, iache kwanza. Leo nilipobaki peke yangu nilichukua kitambaa nikasugua. Nilisugua kwa hasira, kama mtu anayesugua masizi ya sufuria. Kitambaa kikatoka na ile rangi ya maji ya kunde niliyoichanganya siku tatu. Kikatoka na nyusi. Kikatoka na mdomo.

Bi Mize alimpaka mafuta. Aliyemfuta uso ni mimi.

Tangu saa tisa nimekaa na brashi. Rangi nimeichanganya upya, kipimo chake nakijua tone kwa tone, na mkono hautetemeki. Uso hauji. Nafumba macho, hauji. Nimeogopa, wallahi. Kumbe miezi yote hii nilikuwa nimeshaacha kumkumbuka mama, nikawa namkumbuka yule wa dirishani. Nilipomsugua yule, nimewasugua wote wawili.

Hasira bado ninayo, na anayetaka kuniandikia habari za subira aache. Kile kichupa sijakisamehe. Lakini Pemba nzima kabaki mtu mmoja aliyelala kitanda kimoja na uso ule, akala naye sinia moja, akagombana naye, na leo nimemtoa kwangu kama mwizi, jirani akitazama.

Kesho asubuhi, kabla ya skuli, nitakuwa mlangoni kwake, na nitampa shikamoo yake kwanza. Na asiponifungulia, uso wa mama yangu nitamwomba nani?