Vichupa vya Kaka Taratibu

Jumanne, 4 Machi

Kaka Taratibu kaondoka jana. Baba yake amefariki. Simu ilimkuta maabara, koti jeupe mwilini, glovu mkononi. Tunamwita Taratibu kwa sababu hata mlango anaufungua kana kwamba kuna mgonjwa amelala ndani. Yeye yuko kwenye shahada ya uzamivu, mimi ndiyo kwanza nahangaika na uzamili, na bila yeye hadi leo nisingejua kushika pipeti.

Kaniachia vichupa vyake vya bakteria kwenye friji letu la maabara. Ni bakteria wa udongo: wengine wa mashamba yanayopigwa dawa ya wadudu, wameandikwa D, wengine wa mashamba yasiyopigwa kabisa, wameandikwa H. Kazi yangu ni kuangalia friji lisizimike. Basi. Hata mwenzangu wa chumba, anayesoma hesabu na kukimbia mende, angeiweza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeharibu.

Rafu ya chini ya friji ilikuwa na ukungu. Nikajitia usafi. Nikatoa vichupa vyote, nikaviweka mezani ovyo, kama vilivyokuja, nikavifuta kimoja kimoja kwa pamba na spiriti, kama tulivyozoezwa tangu mwaka wa kwanza. Macho yangu yalikuwa kwenye tamthilia, simu nimeiegemeza kwenye bomba la maji. Mkono ulijiendea wenyewe. Tamthilia ilipokatika kupisha matangazo ndipo nikaangalia meza. Vyote vyeupe! Hakuna D, hakuna H, hakuna namba. Pamba ndiyo imekuwa nyeusi.

Kwa kawaida tunaandika kwa penseli kwenye tepu ya karatasi. Hiyo spiriti haiifuti. Lakini Jumatatu tepu ilikuwa imeisha, Kaka akaandika kwa kalamu ya wino juu ya kioo. Na aliniambia. Mdogo wangu, hivi usiviguse kwa spiriti. Nikaitikia, sawa kaka, huku nachati.

Nimpigie simu? Mtu yuko msibani. Nimwambie pole kwa baba, halafu? Nimeshika simu mpaka ikapata moto. Sikupiga.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika upya. Kwa kukisia.

Nilijaribu kukumbuka kipi kilikaa kushoto, kipi kilikuwa nyuma. Vingine nilipachika tu. Nikaiga mwandiko wake, ile D yake yenye kitambi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hapo ndipo nilipojiogopa.

Jumatatu, 17 Machi

Karudi. Kakonda, shingo inacheza ndani ya kola. Mama yake kanitumia asali kwenye chupa ya maji: mpe huyo binti anayekulindia kazi.

Akauliza kwa upole, kama anayeona haya kuuliza, kwamba vichupa sikuvigusa kwa spiriti, eti? Nikasema aa, kaka, ningevigusaje? Akacheka kidogo. Samahani, akasema, unajua mimi na wasiwasi wangu.

Yeye ndiye aliyeomba samahani! Na mimi nikaipokea.

Asali iko chini ya kitanda. Mwenzangu wa chumba kauliza namfichia nani, nikamwambia ni dawa ya kifua. Uongo sasa unanitoka bila hata kuuita.

Alhamisi, 27 Machi

Kaka kawapa bakteria wake dawa ya wadudu, na matokeo yametoka, hayana kichwa wala miguu. Baadhi ya walioandikwa D, waliotakiwa kuwa wameizoea dawa, ndio wanaokufa. Baadhi ya wa H wanakula dawa na kunenepa. Wengine hivi, wengine vile, hakuna mpangilio. Kaka karudia jaribio zima. Yale yale. Mimi nikimsaidia kuosha vyombo. Nimeosha kila kitu cha maabara ile, hata visivyotumika.

Jumatatu, 31 Machi

Kikao cha kundi letu la utafiti. Profesa anayetusimamia kaangalia michoro ya Kaka kwenye ukuta, kavua miwani, kasema hii si kazi ya mtu wa uzamivu, hii ni kazi ya mtoto wa shule aliyechanganya chupa. Mbele yetu sote.

Kaka akasimama. Akasema kwa adabu kwamba lebo ni sahihi, aliziandika mwenyewe, na mdogo wake aliyeachiwa friji anaweza kushuhudia. Shingo zote zikanigeukia.

Nikasema, "Ziko kama alivyoziacha."

Naiandika sentensi hiyo hapa niione. Sikulazimishwa na mtu. Ningeweza hata kunyamaza, ningeweza kujifanya nakohoa. Profesa akanishukuru. Kaka akakaa chini, akafunga kompyuta yake bila kuizima.

Jumatano, 2 Aprili

Kaka kaja chumbani kwetu mchana. Hajawahi kuja. Hakukaa, aliegemea mlango.

Anasema amewaza sana. Kama mimi sikuvigusa, na friji halikuzimika, basi ni yeye. Ile Jumatatu aliandika baada ya simu ya msiba. Anasema anakumbuka akiandika vizuri, lakini inaonekana kumbukumbu yake inamdanganya. Nimeanza kujiogopa, mdogo wangu, akasema. Najiuliza na miaka yote ya nyuma, ni mangapi nimeandika hivyo hivyo.

Kule alikochota udongo wameshalima na kupanda. Hatapata sampuli nyingine mpaka mavuno yapite, na muda wake wa masomo unaisha kabla ya hapo. Chuo kinaweza kumwongezea msimu mmoja, kama Profesa atakubali kwamba msiba ndio uliomchanganya. Profesa hakubali maneno matupu. Anataka shahidi aliyemwona siku hiyo. Na maabara tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

"Sema tu ulivyoniona," akasema. "Kama nilikuwa kama kichaa, sema. Sitaona vibaya."

Nikamwambia nitakuja. Alipotoka nililia mpaka mwenzangu wa chumba akafunga vitabu vyake vya hesabu na kuniuliza nani kafa.

Alhamisi, 3 Aprili

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa. Kaka yuko ndani, kavaa shati lililopigwa pasi. Namsikia akiongea, hasemi kwa nguvu, anarudia neno baba.

Nilivyomwona. Haya. Simu ilipokatika alitoka nje, akalia, nilimsikia. Akarudi, akanawa mikono, akavaa glovu mpya. Kila kichupa alikiandika, akakisoma mara mbili kabla ya kukirudisha. Sijawahi kuona mtu aliyetulia vile.

Nikisema alikuwa kama kichaa, anapata msimu wake, na mimi napona. Na yeye ataishi akiamini kwamba siku aliyofiwa na baba yake mkono wake ulimwangusha. Nikisema nilichokiona, swali litakalofuata nalijua.

Na hata sasa kuna sehemu yangu inachagua maneno mazuri ya kumwelezea kama kichaa. Tayari yako matatu.

Katibu muhtasi kafungua mlango. Ingia, binti, wanakungoja.

Nimesema nakuja. Bado naandika.