Aliyekuwa Akikukanda Miguu

Kadzo, mdogo wangu,

Mwaka wa saba huu tangu tukuzike hapa Jilore, nawe una miaka kumi palepale ulipoachia. Mimi nimekuwa mtu mzima mwenye sare nyeupe. Najifunza uuguzi mjini Kilifi. Mama bado ameificha ile leso uliyoikata kutengenezea mwanasesere. Ugomvi wote ameusahau.

Nakuandikia kwa sababu nimeyajua maradhi yako.

Juma lililopita mkufunzi alituonyesha damu kwa hadubini. Chembe nyingine zilikuwa mviringo, nyingine zimepinda kama mundu. Hizo zilizopinda hukwama mishipani, akasema, na mtoto huumwa mifupa, miguu ikavimba, macho yakawa manjano. Nikaweka kalamu chini. Alikuwa akikusema wewe.

Huugua hivyo mtoto aliyerithi kasoro hiyo kwa baba na kwa mama pia. Aliyeirithi kwa mmoja tu haugui, tena malaria haimwezi kwa urahisi. Ndiyo maana haikupotea: tangu zama za kale, huku kwetu kwenye mbu, watu wa aina hiyo ndio walionusurika, wakazaa waliotuzaa sisi. Nilipimwa. Ninayo ya upande mmoja. Unakumbuka masika yale homa ilipoingia kila nyumba, nami siku ya tatu nikaamka nikidai uji? Huenda kilichoniokoa mimi ndicho kilichokuua wewe. Nililia, Kadzo, kisha nikanawa uso nikarudi darasani.

Nilimweleza Baba. Unajua alivyokuwa akiwamwagia koma, wazee wetu waliotangulia, tembo la mnazi, akiwauliza ni yupi kati yao aliyekasirika. Akasema, "Kumbe walitupatia walichokuwa nacho." Siku hizi huwataja majina tu, kosa haulizi tena.

Lililobaki ni langu. Watu walipokaa kumtafuta aliyekuroga, waliniuliza mimi niliyekuwa nikilala nawe. Nikasema, "Kila akija Shangazi Dama, Kadzo hulia." Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na sikusema uongo, ila mambo niliyapanga kinyume. Alikuwa akija kwa sababu tayari unaumwa. Ulilia akikukanda miguu kwa mafuta ya nazi, halafu ukapata usingizi. Huo usingizi sikuutaja. Basi akafukuzwa, akahamia Junju, na ile miezi miwili ya mwisho ulikuwa ukiuliza, "Shangazi yuko wapi?" Nilikusikia. Nikajifunika shuka.

Jana nilikwenda Junju nikamkuta anakuna nazi. "Shikamoo, Shangazi. Mimi ndiye niliyesema."

"Marahaba. Najua, mwanangu. Niliambiwa siku ileile." Hakuacha kukuna. Kisha akauliza, "Miguu ilimuuma mwishoni?"

Nikamwambia ndiyo. Hapo ndipo mkono wake uliposimama, akalia.

Jumapili namrudisha nyumbani. Mbele ya watu walewale nitayasema upya, safari hii nikianza na maumivu yako, kisha kuja kwake, kisha usingizi. Nakuahidi hilo, hata wakinizomea.

Kwaheri, mdogo wangu. Ulikuwa ukikitambua kikohozi chake angali njiani, ukatulia kabla hajafika. Jumapili ukikisikia, ni yeye. Mimi nitakuwa nyuma yake, nimembebea chupa ya mafuta.

Dada yako