Utepe wa Sita

Chumba cha Fundi Kofia,
Nyuma ya Duka la Vitambaa,
S.L.P. 214.
9 Agosti

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi. U hali gani? Wifi hajambo? Watoto je? Sisi tu wazima, ila kifua cha mjomba bado kinambana. Mimi sijambo, vidole tu vimejaa matundu ya sindano.

Barua yako imefika. Umeandika tena kwamba unakuja, mwezi wa kumi na mbili. Bahati mbaya baba ndiye aliyeipokea. Ningeiwahi mimi, ingeishia jikoni.

Kaka, jambo hili hulijui, maana baba alinikataza kukuambia. Kila ukiandika kwamba unakuja, huniletea kofia yake ya kijivu nimshonee utepe mpya, akupokee kituoni akiwa nadhifu. Wa kwanza ulikuwa wa buluu. Ukafuata wa kahawia, wa kijani, wa zambarau, na mwaka jana mwekundu, nikamtania kwamba anakwenda kuposa. Akacheka mpaka akakohoa. Siku uliyoahidi kufika alikaa kituoni toka asubuhi hadi basi la mwisho, akarudi akisema huenda ulikosa nafasi.

Nikitaka kufumua wa zamani, hukataa. "Uache, mama. Huo ni wa safari ile." Basi nashona juu kwa juu. Kofia imenenepa kama kidole chenye bendeji, na wateja huicheka. Mimi sicheki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la baba limeumia vya kutosha.

Safari hii nilimwambia tepe zimekwisha. Rafu nzima ilikuwa nyuma yangu, rangi kwa rangi, lakini macho yake siku hizi hayafiki huko. Akaitikia tu, akaondoka na kofia yake. Sijawahi kumdanganya baba. Umenifundisha wewe, na nina hasira nawe.

Mjomba anakusalimu, na fundi viatu wa mlango wa pili pia. Wape watoto salamu za shangazi wasiyemjua.

Jana nilimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda. Amekata upindo wa gauni la marehemu mama, lile la maua ya manjano ambalo hata kuligusa alituzuia, ashone mwenyewe. Tundu la sindano halioni. Akaninyooshea nimtungie uzi.

Nimemtungia, Kaka. Usijibu barua hii. Njoo, au nyamaza.

Mungu akufungulie njia, kama unaitaka.

Akupendaye, ingawa kwa uchungu,
Dada yako kitindamimba