Yaya, Tumewaachilia Fukusi Majini

Yaya Ngalula, dada yangu mkubwa,

Leo asubuhi chai imenishinda. Nimeamka gizani, nikaenda kijitoni, nikatazama majani, nikarudi. Sasa nimekaa hapa uani kwetu mtaani Mikelenge nakuandikia wewe, maana sina mwingine wa kumweleza hofu hii asinicheke. Tumewaachilia fukusi, Yaya. Wale wadudu wenye pua ndefu uliowapenda. Masika moja yamepita, mengine yanaingia, na mimi mdogo wako sijui kama nimefanya jema au nimewaletea watu balaa.

Tangu uondoke mengi yamebadilika. Mama alikufuata. Baba, ambaye reli ndiyo iliyomtoa Kasai ikamleta hapa, alizeeka akitegea sikio honi ya treni, naye akaenda. Mtaa wa Kasuku siku hizi ni pikipiki tupu, kuvuka barabara ni kuomba Mungu. Mimi nilisoma kilimo, na kazi yako njo kazi yangu. Lakini yale magugu-maji yenye maua ya zambarau, ambayo watu wa mitumbwi wanayaita kongo ya sika, yaani Kongo mpya, yako pale pale. Yameongezeka hata. Ukikitazama kijito chetu kutoka juu utadhani ni shamba.

Unakumbuka ulivyowabeba? Vita vilipofika, wakubwa wa kituo chenu cha kilimo walikimbia, treni ikakatika, sisi tukala sombe, majani ya muhogo, bila mafuta wala chumvi. Wewe ukaenda kituoni, ukayabeba yale mabeseni ya fukusi mliowafuga wamalize magugu, kichwani mpaka hapa uani. Mama alikupigia kelele: "Ngalula! Watu wanakimbia na watoto, wewe unakimbia na wadudu?" Ukamjibu polepole, "Mama, hawa wakikufa, hakuna ndege itatuletea wengine."

Nami nikakuuliza, wakimaliza magugu watakula nini, sisi? Ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Kapinga, huyu mududu iko mwaminifu kupita bwana. Anakula jani moja tu. Mayai anaweka ndani ya kikonyo chake, watoto wanatoboa humo humo, mpaka jani linachoka, linazama. Ukimunyima jani lile, anakufa."

Kisha siku ile askari wakaingia wakitafuta vyombo. Kijana mmoja mwenye macho mekundu alimwaga beseni la kwanza mchangani, akamwaga la pili, wakaondoka nayo yote. Mama alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja. Wewe ulingoja wapotee kwenye kona, ukapiga magoti kwenye matope, ukaanza kuokota. Nikapiga magoti kando yako. Tuliwatia kwenye sufuria ya ugali, tukawafunika na majani yao, ukawapeleka kijitoni kuwaachilia wote. Ulirudi umelowa hadi kiunoni. "Basi, wajitafutie," ulisema.

Halafu homa. Zahanati ilikuwa imeporwa, hata kidonge cha kuazima hakikuwepo. Ulikuwa unatetemeka hadi kitanda kinalia, na... Yaya, hapo siandiki zaidi.

Nilipopewa kazi hii niliwatafuta wale wako. Niliingia kijitoni na mtumbwi, nikageuza jani baada ya jani. Sikuona hata mmoja. Nilikaa mtumbwini nikalia, mpiga kasia akajifanya anaangalia ndege.

Wale wapya waliletwa kwa ndege. Nisingeharakisha kuwaomba, ila mwaka juzi mtumbwi uliombeba mama mja mzito ulinasa katikati ya magugu. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Mtoto akazaliwa humo, juu ya maji, wanaume wakiwa wamegeuza nyuso. Mungu alisaidia, wako hai wote wawili. Mama yule ni binti wa Mama Amisa, mjane anayelima mpunga na muhogo kule ndani ya kijito. Nikajua yeye atakuwa wa kwanza kuniunga mkono.

Alikuwa wa kwanza kunipinga! Kwenye mkutano alisimama mbele ya wakulima wote akasema: "Mwanangu, mie nimeona nzige, nimeona maaskari. Wote walisema wanapita tu." Watu wakaguna. Nikamwambia asiniamini mimi, alete mimea ya shamba lake mwenyewe, tuifungie na fukusi ndani ya chandarua, tuone.

Akaleta mpunga, mchicha wa lengalenga na muhogo. Kila asubuhi nilikuwa nafika kabla ya wote. Asubuhi moja nikakuta majani ya muhogo yametobolewa. Matundu makubwa, kingo zimeliwa. Nilikuwa peke yangu, na kuyang'oa majani yale na kuyatia mfukoni ni kazi ya kufumba na kufumbua. Niliwaza hivyo, nakuambia kweli. Halafu nikarudi nyuma, nikakaa kwenye kigogo, mikono nimeikalia, nikawangoja.

Mama Amisa alifika, akaona. "Njo haya niliyosema," akasema tu, akaanza kufunga kitenge chake aende.

Nikamwomba asubiri. Nilijua fukusi hatoboi hivyo. Yeye hukwangua ngozi ya jani, anaacha alama ndogo kama kucha ya mtoto. Nilifungua chandarua mbele ya watu wote, nikageuza jani la kwanza, hakuna kitu. La pili, hakuna. Chini ya jani lililojikunja karibu na shina, nikamkuta panzi mdogo wa kijani, ameshiba, ameingia pamoja na muhogo kutoka shambani. Na pale chini, kwenye udongo, fukusi walikuwa wamelala chali, miguu juu.

Mama Amisa akainama. "Hawa wamekufa na nini?"

"Na njaa, Mama."

"Mbele ya chakula?"

"Mbele ya chakula, Mama."

Kisha akasema turudie, na safari hii kila jani atalikagua mwenyewe. Tukarudia. Majani yakabaki mazima, fukusi wakafa tena. Ndipo akatukubalia, na siku ya kuwaachilia alipanda mtumbwi wangu.

Ungefurahi, najua. Mimi nililala vizuri siku chache tu. Fukusi hawana haraka, wewe ulinifundisha, lakini watu wana haraka. Kila ninayemkuta njiani ananiuliza, "Kapinga, mbona kijito bado kimefunga?" Mfanyabiashara mmoja wa Kasuku anawaambia ana dawa, ukiimwaga majani yanakauka mara moja. Ni sumu, Yaya, na maji yale wanakunywa. Nimepita mlango kwa mlango nikiwasihi wasiinunue. Wengine wamenisikia. Wengine wananiangalia hivi hivi, na mafuriko ya mwezi uliopita yalipong'oa mafungu ya magugu na kuyasukuma hadi mto Lualaba, fukusi wakiwa juu yake, nilihisi ninaelea nayo, nisijue yatafika wapi.

Leo nimeona alama. Ndogo, za rangi ya kahawia, kwenye majani ya magugu ya ukingoni, na vikonyo vingine vimelainika ukivibonyeza. Nimezigusa nikafurahi, na kabla sijamaliza kufurahi nikaanza kuogopa upya. Chandarua ni chandarua, na mto ni mto. Je, kuna jambo sikulipima?

Nakuahidi mambo mawili. Sumu haitamwagwa katika maji yale nikiwa hai na nina sauti. Na nikiona alama moja, moja tu, kwenye mpunga au sombe la Mama Amisa, sitangoja aje kwangu. Nitamtangulia mlangoni kwake, nimwambie kwa mdomo wangu mwenyewe.

Pumzika, Yaya wangu. Wasalimie Mama na Baba. Nabandika maji ya chai tena, nijaribu kuinywa, kisha narudi kijitoni.

Mdogo wako,
Kapinga