Doa Unyayoni mwa Mama

Jumanne, Buhongwa. Mvua imekatika saa nne, jua limetoka la kuchoma, na saluni sijaifungua.

Kazi yangu ni miguu. Nasugua visigino, nakata kucha, napaka rangi. Nilijiona naijua ngozi yetu kuliko mtu yeyote hapa mtaani.

Kwa hiyo mama yangu, mkulima wa mpunga kule Usagara, alipokuja na doa jeusi unyayoni, sikushtuka. Alisema ni mwiba wa shambani, nami nikaamini. Nikalisugua kwa jiwe. Kila alipokuja lilikuwa limerudi, nami nalisugua tena, huku najisifu kwamba nyayo zake ni laini kuliko za mama yeyote kijijini.

Lilipoanza kutoa damu ndipo nikampeleka hospitali. Walikata kinyama kidogo wakakipima, na leo tumepewa majibu.

Saratani ya ngozi. Inaitwa melanoma.

Nilibisha. Nilimwambia daktari kwamba hiyo ni ya wazungu, kwa sababu ya jua, na unyayoni jua linafikaje?

"Halifiki, dada," alisema. "Hii ya unyayoni haihitaji jua, inawapata watu wa rangi zote. Wazungu wanapata zaidi zile za juani. Sisi weusi rangi yetu inatukinga na hizo, kwa hiyo ikitupata, na ni nadra, mara nyingi ni unyayoni, kiganjani au chini ya kucha."

Nilikigeuza kiganja changu nikakitazama. Mungu wangu, ngozi hii. Inamlinda mama juani tangu utotoni, shamba hadi shamba, halafu ugonjwa unampata pale anapokanyagia. Nimeshika miguu miaka yote hii na sikuwahi kuwaza jambo kubwa namna hiyo. Bado nalishangaa.

Nikamuuliza daktari kama ni jiwe langu lililouleta. Akajibu kwamba kusugua hakukuleta ugonjwa, ila kumetuchelewesha. Alhamisi watamfanyia upasuaji. Hawajui bado watakata kiasi gani cha mguu.

Tulirudi nyumbani. Mama akakaa, akavua kandambili, akasema taratibu, "Mwanangu, usimwambie mtu kwamba ulikuwa unanisugua. Wateja watakukimbia."

Ana saratani, na anawaza saluni yangu.

Unaposoma hapa, geuza unyayo wako uutazame. Ukiona doa usilolielewa, usiniletee mimi, nenda hospitali.

Mama, nisamehe. Nimewaambia.